Kupima Mwanga wa Balbu za Tochi kwa Mshumaa na Doa la Mafuta

"Mura, hii balbu waliyoniuzia ni feki."

Ndivyo alivyoanza mzee mmoja jirani yetu hapa Mugumu, tochi ya betri tatu mkononi, macho mekundu kwa kukesha. Shamba lake la mtama liko upande wa Pori la Akiba la Ikorongo, na mtama ukianza kukomaa yeye huhamia kwenye dungu kusubiri tembo. Mchana, dukani, muuzaji aliiwasha balbu mpya, akaielekeza kwenye kiganja chake, na wote wawili wakakubaliana kwamba inawaka sawasawa. Usiku haikufika hata kwenye kichuguu kilicho katikati ya shamba.

Nilimwomba aniachie tochi hadi kesho yake. Sikujua tatizo ni nini. Nilijua tu kwamba ushahidi wa kiganja hausaidii kitu. Jua la saa sita mchana linamwaga mwanga karibu mara laki nne ya ule wa mwezi mpevu, na jicho lile lile linatembea katika yote mawili bila kujikwaa. Linajirekebisha lenyewe bila kukuarifu. Ndiyo maana balbu moja ukiiona leo, nyingine ukaiona kesho, huwezi kusema ipi kali, hata uape. Lakini jicho hilo hilo, ukiliwekea mianga miwili ubavu kwa ubavu, linagundua tofauti ndogo sana kati yake. Jicho halipimi, linalinganisha. Kazi yetu yote hapa chini ni kulipa kitu cha kulinganisha.

Najua tochi za LED zimejaa kila duka kuanzia Sirari hadi Natta. Lakini tochi za bati zenye balbu ya kiwaya bado zimening'inia kwenye misumari ya nyumba nyingi, na mwenye nayo hana sababu ya kuitupa. Mwenye LED naye asome, nitamfikia.

Mahitaji

Karatasi moja nyeupe isiyo na mistari, tone la mafuta ya alizeti, kipande cha boksi, mshumaa wa dukani, futi ya fundi cherehani, meza au ubao wenye urefu wa zaidi ya mita moja, na chumba chenye giza. Ukimpata fundi redio akuazime mita yake ya volti, afadhali zaidi.

Hatua ya 1: Soma shingo ya balbu

Kwenye bati la shingo kuna maandishi madogo yaliyogongwa, na ukiyasugua kidogo yatasomeka: 2.5V 0.3A, au 3.8V 0.3A, au mengineyo. Namba ya kwanza ni volti ambazo balbu ilitengenezewa, ya pili ni ampea inazokula. Zidisha upate wati. Balbu ya 3.8V 0.3A inakula wati 1.14.

Betri moja kavu ni volti 1.5, kwa hiyo betri mbili ni 3 na tatu ni 4.5. Mbona basi balbu ya betri mbili huandikwa 2.5 na ya betri tatu 3.8? Kwa sababu betri ikibebeshwa mzigo volti zake huinama, na mtengenezaji wa balbu ameshalipigia hesabu hilo. Kwa tochi ya betri mbili chukua 2.5, kwa betri tatu 3.8, kwa betri nne karibu 4.8. Ukiweka ya 2.5 kwenye tochi ya betri tatu utaona mwanga mweupe wa kupendeza kwa dakika chache, pengine sekunde, kisha basi. Ukiweka ya 3.8 kwenye betri mbili utapata rangi ya kaa la moto.

Balbu zenye kola, zile zinazodumbukizwa bila kuzungushwa, zina namba zinazotambulika dunia nzima, na mwanga wake unajulikana. PR6 (volti 2.47, ampea 0.3) hutoa karibu lumeni 6. PR2 (volti 2.38, ampea 0.5) hutoa karibu 10. PR3 (volti 3.57, ampea 0.5) karibu 19. PR13, ya betri nne (volti 4.75, ampea 0.5), karibu 28. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu, pande zote. Mshumaa wa kawaida unatoa lumeni kama 12.

Soma tena mstari huo. Balbu ya tochi ya betri mbili, ile inayomulika hadi ng'ambo ya zizi, inatoa mwanga mdogo kuliko mshumaa! Kinachoipeleka mbali ni kile kikombe kinachong'aa ndani ya kichwa cha tochi. Tutakirudia.

Kuna jambo lingine kwenye orodha hiyo ambalo wauzaji hawalisemi. PR2 na PR3 zote zinakula ampea 0.5, na betri za tochi hupangwa kwa foleni, umeme ule ule ukipita kwenye zote. Kwa hiyo tochi ya betri tatu yenye PR3 itadumu saa karibu sawa na ya betri mbili yenye PR2, lakini itatoa mwanga karibu mara mbili. Umeongeza betri moja kwa mbili, yaani nusu, ukavuna mara mbili. Kiwaya kinachopata volti nyingi zaidi hutengenezwa kiwe cha moto zaidi, na kiwaya cha moto hubadilisha umeme mwingi zaidi kuwa mwanga badala ya joto.

Hatua ya 2: Sawazisha betri

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo balbu nyingi zinaposingiziwa.

Mwanga wa balbu ya kiwaya haushuki sambamba na volti. Unaporomoka. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30 hivi. Balbu ya 2.5 ikipewa volti 2, mwanga unaobaki ni chini ya nusu. Ikipewa 1.7, imebaki robo. Na kinyume chake ni kweli pia: ongeza volti kwa asilimia 10, mwanga utapanda kwa zaidi ya theluthi, lakini umri wa balbu utashuka hadi theluthi moja. Muuzaji anayekuonyesha balbu ikiwaka kwa betri mpya kabisa zilizotoka kwenye karatasi sasa hivi anakuonyesha balbu katika siku yake ya harusi.

Basi balbu zote unazolinganisha zipewe betri za aina moja, umri mmoja. Ziwe za Dar es Salaam, ziwe za Nakuru za enzi zile kabla kiwanda cha Eveready hakijafungwa mwaka 2014, ziwe za China, usichanganye. Betri moja iliyochoka katikati ya mbili nzima inazivuta zote chini, na kwa nje huwezi kuitambua.

Ukiwa na mita ya fundi, pima betri wakati balbu inawaka. Betri iliyochoka ikipimwa bila mzigo inaweza kusoma 1.4 bila aibu. Iwashie balbu uone itakavyozama.

Na betri zilizoanikwa juani usizitumie kwa kipimo hiki. Kuanika kunafanya kazi, sikatai, nimeanika sana. Joto linaharakisha kemikali zilizosalia ndani, betri inapata pumzi ya muda mfupi, kisha inarudi kulala. Kuiweka kwenye jivu la moto au karibu na mafiga ni jambo jingine: inaweza kuvuja au kupasuka.

Betri huchoka hata wakati wa kipimo chenyewe. Washa, pima haraka, zima, pumzisha dakika chache. Pima balbu ya kwanza, kisha ya pili, kisha rudia ya kwanza. Kama majibu mawili ya balbu ya kwanza yametofautiana sana, betri ndizo zilizobadilika, na kipimo chote kirudiwe.

Hatua ya 3: Ivue balbu kichwa cha tochi

Ukitaka kulinganisha balbu, kikombe lazima kitoke, la sivyo utakuwa unapima kikombe. Katika tochi nyingi kichwa kikifunguliwa balbu inatoka nacho, kwa hiyo utahitaji waya mfupi uliomenywa ncha zote mbili. Zungushia ncha moja kwenye shingo ya balbu, kitako cha balbu kiguse kichwa cha betri, ncha nyingine ya waya iguse kitako cha betri ya mwisho. Watoto wa shule ya msingi wanafanya hivi kwenye somo la sayansi, hawatashindwa kukusaidia kushika. Betri zifunge pamoja kwa mpira wa baiskeli.

Hatua ya 4: Tengeneza doa

Dondosha tone la mafuta katikati ya karatasi, lieneze kwa kidole mpaka liwe doa la ukubwa wa sarafu, kisha futa mafuta yanayozidi kwa kitambaa. Kata dirisha kwenye kipande cha boksi, ibandike karatasi hapo isimame wima.

Tazama doa hilo linavyofanya. Ukilimulika kutoka upande uliko wewe, doa linaonekana jeusi kuliko karatasi, kwa sababu mwanga unapenya badala ya kurudi kwako. Ukilimulika kutoka nyuma, linang'aa kuliko karatasi. Na mianga ya pande zote mbili ikiwa sawa, doa linapotea. Linayeyuka machoni kama halikuwahi kuwepo. Mjerumani Robert Bunsen, yule mkemia wa karne ya 19 ambaye jina lake liko kwenye kila maabara ya sekondari yenye jiko la gesi, ndiye aliyefanya hila hii kuwa kifaa cha kupimia.

Hatua ya 5: Pambanisha na mshumaa

Zima taa, funga pazia. Weka balbu mwanzo wa meza na mshumaa mwisho wake, mita moja kamili kati yao, kimo cha kiwaya na kimo cha mwali vikiwa sawa na doa. Mshumaa uwashe mapema, uache dakika tano utulie, punguza utambi ukiwa mrefu, na pasiwe na upepo. Ukuta ulio nyuma ukiwa mweupe, ufunike kwa kanga nyeusi au blanketi, maana unarudisha mwanga.

Sogeza boksi lenye doa kati ya hizo mbili, huku ukichungulia upande mmoja kisha wa pili, mpaka doa lipotee au liwe na weusi ule ule pande zote. Pima umbali wa kila upande. Rudia mara tatu, uchukue wastani. Kisha izungushe balbu kidogo na urudie, kwa sababu kiwaya hakitoi mwanga sawa pande zote.

Mbona mshumaa? Kwa sababu dunia nzima ilianza nao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1860 kuhusu gesi ya taa za London ilipima mwanga kwa mshumaa wa mafuta ya nyangumi unaounguza karibu gramu 8 kwa saa, na kipimo cha kandela tunachotumia leo ni mjukuu wa mshumaa huo. Mshumaa wa duka la Mugumu si wa nyangumi, lakini mwanga wake uko jirani na kandela 1, na hiyo inatutosha.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Mwanga ukienda mbali mara mbili hubaki robo, ukienda mara tatu hubaki sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo zidisha kila umbali kwa wenyewe, kisha gawanya.

Balbu ya mzee, 3.8V 0.3A, nikiipa betri zangu mpya, ilisawazika na mshumaa doa likiwa sentimita 48 kutoka kwenye balbu na 52 kutoka kwenye mshumaa. 48 mara 48 ni 2,304. 52 mara 52 ni 2,704. Gawanya la kwanza kwa la pili: 0.85. Balbu ni asilimia 85 ya mshumaa. Zidisha kwa 12.5 kupata lumeni, inakuja karibu 10 au 11. Kwa balbu inayokula wati 1.14 hiyo ni kazi nzuri tu. Feki iko wapi?

Ukitaka kulinganisha balbu mbili zenyewe kwa zenyewe, mshumaa uweke kando, balbu zikae huku na huku, kila moja na betri zake. Moja ikiwa sentimita 40 na nyingine 60, ile ya mbali ina nguvu mara 2.25 ya ya karibu. Kisha zibadilishane betri, urudie.

Mafuta yakikosekana, simamisha kijiti mbele ya ukuta mweupe na uweke mianga miwili ikikimulika kutoka pembeni. Kutakuwa na vivuli viwili. Sogeza taa moja mpaka vivuli viwe na weusi sawa, halafu pima umbali kutoka kila taa hadi ukutani na upige hesabu ile ile. Ni njia ya zamani, ya mwisho wa karne ya 18, lakini mimi doa naliamini zaidi.

Hatua ya 7: Rudisha kikombe, upime mwonzi

Sasa tochi nzima. Hapa balbu dhaifu inaweza kuishinda kali, ikiwa kiwaya chake kimekaa pale hasa kikombe kinapotaka. Balbu mbili za boksi moja zinaweza kumulika tofauti kabisa kwa sababu kiwaya cha moja kimepinda kwa unene wa unyuzi. Mulika ukuta ulio hatua tano. Ukiona shimo jeusi katikati ya duara, zungusha kichwa mpaka lizibe. Lisipoziba, balbu hiyo na kikombe hicho havipatani, jaribu nyingine. Kikombe kilichofifia kisisuguliwe kwa majivu wala mchanga. Kipulizie pumzi, ukifute kwa kitambaa laini, basi. Ule ung'avu ni utando mwembamba, ukitoka haurudi.

Kisha usiku toka nje na mwenzako, mkae gizani nusu saa macho yazoee. Yeye ashike ukurasa wa gazeti, wewe uumulike, naye arudi nyuma hatua moja moja mpaka herufi ndogo zimshinde. Hesabu hatua. Badilisha tochi, msomaji awe yule yule na ukurasa ule ule. Tochi iliyomfikisha hatua 30 dhidi ya iliyomfikisha 20 ina mwonzi wenye nguvu mara 2.25, kwa sababu 900 gawanya kwa 400. Jaribio hili lifanyieni uani. Mpaka wa hifadhi usiku si mahali pa kuhesabia hatua.

Mwenye LED, kipimo cha doa na cha gazeti vinakufaa pia, ila doa halitapotea kabisa kwa sababu mwanga wako ni wa samawati na wa mshumaa ni wa njano. Finya macho nusu, tafuta mahali doa linapokuwa hafifu kuliko pengine popote. LED nzuri ya wati 1 hutoa lumeni kama 100, mara kumi ya balbu ya mzee. Namba zilizoandikwa kwenye boksi lake zisome kwa tabasamu.

Hatua ya 8: Chagua kwa kazi, si kwa ukali

Mkali zaidi siyo bora zaidi. Anayekaa kwenye dungu kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri anahitaji balbu ya ampea 0.3, inayosamehe betri. Kazi ya tochi hapo ni kujua tembo wako wapi na kuwaamsha majirani kwa ishara, si kuwasogelea. Mwanga si silaha, na waliouona kuwa silaha wengine hawakurudi. Waite askari wa wanyamapori. Vijana wa sungusungu wanaotembea usiku Tarime, kule ambako ng'ombe wakiibiwa kila nyumba inatoka, waweza kuwa na moja kali ya ampea 0.5 kwa kundi zima, wengine wabaki na hafifu. Tochi kali ikipita machoni mwa mwenzako, kwa dakika kadhaa atakuwa kipofu. Na mchimbaji mdogo wa Nyamongo anayefunga tochi kichwani hana haja na mwonzi wa mbali kabisa, ukuta wa shimo uko mita moja mbele yake. Yeye atafute mwanga mpana, hata kikombe kikiwa kimefifia.

Mzee alirudi kesho yake. Nilichukua betri zake tatu, nikaziwashia balbu ile ile, nikaweka mita: volti 2.9 badala ya 3.8, yaani mwanga kama asilimia 40 tu ya ule niliopima mezani. Mbili zilikuwa nzima. Ya katikati ilikuwa ya msimu uliopita, aliitoa kwenye redio kwa kuwa dukani alikuwa na hela ya mbili tu. Alinunua tatu mpya za aina moja, na balbu aliyoiita feki bado imo kwenye tochi yake.